Mapitio: seti ya ESP32 ya kudhibiti hewa ya kivungulio, na unachopaswa kubadilisha kabla ya kuiamini

Seti za kujiunganishia zinauzwa karibu kila duka la elektroniki jijini Nairobi, kuanzia Luthuli Avenue hadi River Road. Boksi hubadilika, vilivyomo ni vilevile: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi), kihisi cha DHT22 cha joto na unyevu, rilei nne za buluu (swichi zinazowashwa na bodi) kwenye kibao kimoja, kijiti cha kupima unyevu wa udongo, nyaya za kuchomeka na adapta ya volti 5. Muuzaji atakuambia kivungulio (nyumba ya nailoni ya kukuzia mimea) kitajiendesha chenyewe huku wewe uko mjini. Kinaweza, lakini si kwa vitu hivyo jinsi vilivyo.

Asiye na muda aondoke na hili: ubongo wa seti ni mzuri kuliko bei yake, kihisi ni cha kutupa, na rilei zinafaa kuwasha vitu vidogo tu, kamwe si feni. Badilisha kihisi, weka kontakta (swichi nzito ya umeme) kati ya rilei na mota, kisha andika masharti yanayofuata hewa ya Nairobi badala ya yale yaliyoandikiwa nchi za theluji. Hapo utakuwa na mfumo unaofanya kazi ya vidhibiti vya kuagizwa nje kwa sehemu ndogo ya gharama. Ukiifunga ilivyotoka dukani, umenunua mapambo.

Hesabu zote hapa ni za kivungulio cha kawaida cha huku kwetu: mita 8 kwa 30, nailoni ya mikroni 200, neti ya wadudu kando zote, mapazia ya kukunja pande mbili, nyanya au hoho ndani, stima ya fezi moja. Kikiwa Ruai au Kitengela, mchana utakusumbua zaidi. Kikiwa Kikuyu au Limuru, usiku.

Adui yuko alfajiri

Wanunuzi wengi hufikiria joto la saa nane mchana. Lipo, na nyanya zikikaa juu ya nyuzi 32 kwa saa kadhaa chavua hudhoofika, maua yakadondoka. Lakini joto la mchana hata kibarua huliona. Hukunja pazia, mambo yakaisha. Kinachomwibia mkulima wa Nairobi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti na wakati wa masika, hutokea kati ya saa tisa usiku na saa mbili asubuhi, shambani hakuna mtu. Mvuke umejaa, nailoni inatiririka ndani, matone yanaangukia majani. Jua likichomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, hewa hupata joto haraka kuliko tunda, na tunda lililobaki baridi hutoka jasho kama soda iliyotolewa kwenye friji. Majani na matunda yakikaa na maji hivyo kwa saa kadhaa, kwenye nyuzi 15 hadi 20, ukungu wa kijivu na bakajani chelewa huwa zimepata nafasi.

Kwa hiyo mfumo unaopima joto peke yake umekosa nusu ya kazi. Na unaopima asilimia ya unyevu bila kulinganisha ndani na nje utakupotosha. Chukua usiku wa Julai: ndani nyuzi 14 na unyevu asilimia 98, nje nyuzi 11 na asilimia 92. Ukitazama asilimia, utasema nje nako kumelowa, hakuna haja ya kufungua. Sasa hesabu maji yenyewe. Kila mita ya ujazo ya hewa ya ndani imebeba gramu 11.8 za mvuke, ya nje gramu 9.2. Kivungulio hiki kina takriban mita za ujazo 770, kwa hiyo kubadilisha hewa yote mara moja kunatoa karibu lita mbili za maji ambayo yangeishia kwenye majani. Mimea na udongo vitaendelea kutoa mvuke, hivyo hewa hubadilishwa tena na tena, kidogo kidogo, kwa kuacha upenyo wa sentimita 10 hadi 15 upande usiopigwa na upepo.

Ndiyo sababu kihisi cha pili, cha nje, si anasa. Seti haina. Kinunue.

Namba ya kuangalia ni VPD, yaani kiasi cha mvuke ambacho hewa bado inaweza kupokea, kwa kilopaskali. Programu huipata kutokana na joto na unyevu: 0.6108 mara e kwa kipeo cha 17.27 × T ÷ (T + 237.3), T ikiwa joto, kisha zidisha kwa sehemu iliyobaki kufikia asilimia 100. Nyuzi 25 na unyevu asilimia 70 ni 0.95, mahali pazuri kwa nyanya. Nyuzi 30 na asilimia 40 ni karibu 2.5, na hapo mmea unafunga vinyweleo vya majani. Nyuzi 12 na asilimia 95 ni 0.07, jambo linalomaanisha kuwa jani likilowa halikauki. Lenga kati ya 0.5 na 1.2 mchana, usiku usiruhusu ikae chini ya 0.2 kwa muda mrefu ikiwa hewa ya nje ina mvuke kidogo zaidi.

Kihisi: hapa ndipo pesa iende

DHT22 kwenye karatasi yake inaahidi makosa ya nusu nyuzi na asilimia 2 hadi 5. Sebuleni inatimiza. Ndani ya kivungulio, ambako unyevu hufika asilimia 95 kila usiku, kihisi hiki huanza kupotoka, kisha hugandia 99.9 hata jua likiwaka. DHT11, ile ndogo ya buluu ambayo baadhi ya maduka huipachika kwenye seti ili kupunguza bei, haifai kabisa, kwa kuwa kipimo chake cha unyevu kinaishia karibu asilimia 80, palepale hatari inapoanza.

Nunua SHT31 yenye kofia ya chuma yenye vitundu. Makosa yake ni asilimia 2 na nyuzi 0.2 au 0.3, na ina kijihita ndani cha kukausha umande. Kasoro yake ni kwamba inazungumza kwa njia ya I2C, ambayo haipendi waya mrefu. Zaidi ya mita moja hivi, usomaji huanza kukatika. Kama bodi itakaa mlangoni na kihisi katikati ya kivungulio, umbali wa mita 15, chukua kihisi cha Modbus kinachopitia RS485, njia ya mawasiliano inayovumilia waya mrefu. XY-MD02 ndiyo rahisi kupata: ndani ina SHT20, inakubali volti 5 hadi 30, na inasomeka kwa kasi ya 9600, anwani 1, joto likiwa kwenye rejista ya 1 na unyevu ya 2, zote zikigawanywa kwa 10. Usahihi wake wa unyevu ni chini kidogo, asilimia 3, lakini data inafika. Ukifunga viwili, badilisha anwani ya cha nje iwe 2 kabla ya kupanda nacho shambani, kimoja kimoja mezani. Vikiwa na anwani sawa kwenye waya mmoja vyote vitajibu pamoja na utasoma takataka.

Waya uwe jozi iliyosokotwa. Kebo ya mtandao ya kawaida yatosha, na kila mwisho wa mstari uweke rezista ya omu 120. Mtego uko kwenye kibao cha kutafsiri RS485 kwa ajili ya ESP32. Vingi vinavyouzwa vina chipu ya MAX485, ambayo ni ya volti 5, nayo hurudisha volti 5 kwenye pini ya ESP32 isiyostahimili zaidi ya 3.3. Itafanya kazi wiki kadhaa, kisha pini ife na ulaumu kihisi. Omba MAX3485 au SP3485. Kama muuzaji hajui tofauti, soma maandishi mgongoni mwa chipu mwenyewe.

Kabla ya kukifunga, kipime kwa chumvi. Jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, dondoshea maji hadi iwe kama matope mazito bila kuyeyuka yote, iweke pamoja na kihisi ndani ya mtungi wa glasi wenye kifuniko kinachobana, na uache usiku kucha mahali pasipobadilika joto. Hewa mtungini itatulia kwenye asilimia 75, na hiyo ni fizikia, haibadiliki na duka. Kihisi kikisoma 79, toa 4 kwenye programu. Kikisoma 88, kirudishe. Rudia kila msimu, maana dawa za kunyunyizia huchafua utando wake. Siku ya kupuliza dawa kifunike kwa mfuko wa plastiki, na uuondoe siku hiyohiyo. Mfuko uliosahaulika utakupa unyevu wa asilimia 100 daima, na mapazia yatakesha wazi.

Kivuli cha kihisi kina uzito kuliko chapa ya kihisi. Kikipigwa na jua moja kwa moja kitasoma nyuzi 5 na zaidi juu ya ukweli, feni izunguke bure. Chukua bomba jeupe la PVC la milimita 110, urefu wa sentimita 30, ndani yake tundika bomba jembamba la milimita 50, kihisi kiwe ndani ya hilo jembamba, na juu funga kifeni cha kompyuta cha volti 12 cha milimita 80 kinachovuta hewa kutoka chini. Kitundike kwa kamba kwenye kapi, katikati ya kivungulio, usawa wa vichwa vya mimea, na ukipandishe nyanya zinapopanda. Kihisi kilichoachwa kwenye nguzo ya mlango kinapima mlango.

Rilei, kontakta, na mahali ambapo moto huanzia

Rilei za buluu zimeandikwa ampea 10 kwa volti 250. Hiyo ni kwa mzigo mtulivu kama balbu ya zamani. Feni ya kilowati 1.1 hutumia ampea 7 au 8 ikizunguka, lakini ikianza huvuta mara tano hadi saba ya hizo kwa muda mfupi. Midomo ya rilei inayeyuka na kushikana, na feni haizimiki tena hata uchomoe bodi. Rilei iwashe koili ya kontakta tu. Kontakta ya ampea 18, daraja la AC-3 (la kuwashia mota), yenye koili ya volti 240, pamoja na kinga ya mota iliyowekwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye bamba la feni. Juu yake sakiti breka, na kabla ya vyote breka ya kugundua umeme unaovuja, ya miliampea 30, kwa sababu mtu anaingia humo amelowa viatu. Upande huu wa volti 240 mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA. Wewe shughulika na upande wa volti 5.

Dalili moja humchanganya kila mtu: feni inawaka vizuri, lakini inapozimwa bodi hujizima na kuwaka upya. Tatizo haliko kwenye programu. Koili ya kontakta inapokatwa hurusha mshtuko wa volteji unaorudi hadi kwenye bodi. Dawa ni rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 aina ya X2, zikiwa mfululizo, zimefungwa sambamba na koili. Kwa vali na mota za umeme wa betri, diodi inatosha, ila si kwenye mota inayogeuzwa mwelekeo.

Kero nyingine: rilei hizi huwaka pini ya bodi ikiwa chini (volti 0), na kibao kikilishwa volti 5, zile 3.3 za ESP32 hazitoshi kuizima kabisa. Ondoa kiunganishi kidogo (jampa) kati ya miguu ya kibao iliyoandikwa JD-VCC na VCC, lisha VCC kwa 3.3 kutoka kwenye bodi na JD-VCC kwa volti 5 kutoka kwenye adapta. Tatizo linakwisha.

Boksi liwe la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji), likae nje ya kivungulio kwenye kivuli, matundu ya nyaya yaangalie chini. Wanaochoma salfa dhidi ya ubwiri unga wajue moshi wake hula midomo ya rilei na shaba, hivyo kwao boksi la nje si hiari.

Mapazia kwanza, feni baadaye

Kwa mwinuko na hewa ya Nairobi, kivungulio chenye upenyo wa robo ya eneo la sakafu hupoa bila feni siku nyingi. Mita 240 za mraba zinahitaji mita 60 za upenyo, yaani pazia la mita 30 likifunguka mita moja kila upande. Kwa hiyo mota mbili za kukunja mapazia, za volti 24 na wati 100 kila moja, zinakupa faida kuliko feni, na zinakula stima dakika chache tu kwa siku. Bomba la kukunjia la milimita 27 huinua sentimita 8 na nusu kwa mzunguko, hivyo mita moja ni mizunguko 12, na mota ya mizunguko 4 kwa dakika huimaliza kwa dakika tatu.

Kuifunga kwa rilei mbili kuna njia salama na njia ya kuunguza. Salama ni hii: kila mguu wa mota uende kwenye COM (mguu wa pamoja) ya rilei yake, NC (unaogusana na COM rilei ikiwa imezimwa) zote mbili ziende hasi, NO (unaogusana nayo rilei ikiwaka) zote mbili ziende chanya. Rilei moja ikiwaka mota inakunja, nyingine ikiwaka inakunjua. Zote zikiwaka kwa bahati mbaya, miguu yote miwili iko chanya na hakuna kinachotokea. Ongeza fyuzi ya ampea 10. Mota haijui iko wapi, programu huhesabu sekunde, na hesabu hupotoka nailoni ikilegea. Kila siku, mara moja, ifunge pazia hadi swichi ya kikomo iguswe, pamoja na sekunde 10 za ziada, ndipo uanze kuhesabu upya.

Ukihitaji feni, kanuni ni mita za ujazo 0.04 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba. Hapa ni 9.6, au karibu 35,000 kwa saa, kazi ya feni moja ya milimita 1,380. Kumbuka majedwali ya watengenezaji ni ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kati ya sita, kwa hiyo feni ileile hubeba joto pungufu kwa kiasi hichohicho. Mota za kawaida nazo hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, hivyo chagua yenye nafasi. Upande wa kuingilia hewa uachie angalau mita 6 za mraba zilizo wazi kabisa, na ikiwa kuna neti nzito ya kuzuia inzi weupe, eneo hilo lizidishwe mara mbili au tatu. Feni ikiwaka mapazia yamefungwa, nailoni hufyonzwa ndani na mbao hulia. Sharti la kwanza la feni kwenye programu liwe "pazia limefunguka".

Nozeli za ukungu wa maji zinapoza sana huku kwetu kwa sababu mchana ni mkavu. Hewa ya nyuzi 27 na unyevu asilimia 45 inaweza, kinadharia, kushuka hadi nyuzi 18. Lakini maji ya visima vya Nairobi yana chumvi na floridi nyingi, nozeli huziba na majani huota madoa meupe. Ukiwa na maji ya mvua, sawa. La sivyo, neti ya kivuli ni rahisi kuitunza.

Ubongo na masharti

ESP32 ukiiwekea ESPHome, ambayo ni ya bure, huhitaji kuandika programu kutoka mwanzo. Unaandika faili la mipangilio na inajengeka. Home Assistant kwenye kompyuta ndogo nyumbani hukupa grafu na arifa, lakini masharti yote yaandike ndani ya bodi yenyewe, intaneti ikikatika yaendelee. Na hapa kuna mtego ambao umewatoa wengi jasho: kwa kawaida ESPHome hujiwasha upya ikikaa dakika 15 bila kuunganishwa na Home Assistant, na vilevile bila Wi-Fi. Mtandao ukipotea usiku, bodi itajizima kila robo saa na pazia litasahau lilipo. Weka reboot_timeout iwe 0s sehemu zote mbili, api na wifi. Na kila rilei ipewe restore_mode ya ALWAYS_OFF.

Pini za kuepuka: 6 hadi 11 ni za kumbukumbu ya bodi, 12 huamua jinsi bodi inavyowaka, 34 hadi 39 hupokea tu. Vihisi vya kusoma volteji viwe kwenye pini 32 hadi 39, maana kundi la pili la usomaji halifanyi kazi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Majani mabichi yaliyolowa humeza Wi-Fi, kwa hiyo bodi yenye tundu la antena ya nje ni bora.

Namba za kuanzia, kwa nyanya: pazia lifunguke theluthi kwenye nyuzi 23, lote kwenye 26, lifungwe chini ya 20. Feni iwake 29, izimwe 26. Tofauti hiyo ya nyuzi tatu usiipunguze, na kila kitu kikiwaka kikae angalau dakika 3, kikizimwa kipumzike dakika 5, la sivyo wingu moja likipita mbele ya jua kontakta itagonga kama ngoma. Nozeli ziwake VPD ikipita 1.8, sekunde 20 kila dakika 5, na zisiwake kabisa baada ya saa tisa na nusu alasiri, majani yapate kukauka kabla ya giza. Usiku pazia lifunguke upenyo ikiwa mvuke wa ndani umezidi wa nje kwa gramu 1 kwa mita ya ujazo na joto la ndani liko juu ya nyuzi 11. Kuanzia saa kumi na mbili kamili asubuhi ondoa sharti la joto na ufungue theluthi kwa nusu saa, hata kukiwa na baridi, jua likute hewa imebadilishwa. Saa ya bodi hupotea stima ikipotea bila intaneti. Chipu ya DS3231 yenye betri ya sarafu inamaliza hilo.

Sharti moja watu hulisahau hadi siku ya maafa. Waya wa kihisi ukikatika, ESPHome huweza kusoma "si namba", na "si namba" haiwezi kuwa zaidi ya 29. Feni haiwaki, kivungulio kinafika nyuzi 45 na simu yako iko kimya. Andika wazi: kihisi kikikosa kusomeka dakika 5, mapazia yafunguke nusu na ujumbe utumwe. Kisha sambamba na rilei ya feni funga kidhibiti joto cha kujitegemea, STC-1000 ile ya vitotoleshi vya mayai, ikiwa imewekwa nyuzi 34. Haijui ESP32 ipo, na hiyo ndiyo faida yake.

Vilivyobaki kwenye boksi

Kijiti cha udongo chenye meno mawili ya chuma huliwa na kutu mapema sana. Cha kisasa cheusi kisicho na chuma wazi ni afadhali, kingo zake zikipakwa vanishi ya kucha. Hata hivyo kitumie kuona mwelekeo tu, usikiachie kufungua maji.

Vali ya bei rahisi ya volti 12 huhitaji shinikizo la angalau megapaskali 0.02, sawa na tangi lililoinuliwa mita mbili. Mifumo mingi ya matone hapa hutegemea tangi la mita moja au moja na nusu, kwa hiyo vali hiyo haitafunguka vizuri. Tafuta vali ya mpira inayozungushwa na mota. Adapta iliyokuja na seti mpe mtoto achaji nayo redio. Tumia betri ya volti 12, ampea-saa 7, yenye chaja, na kishusha volteji cha volti 5. Ikibeba bodi, vihisi na kifeni cha kivuli, itavuka takriban saa 12 bila stima. Mota za mapazia zinahitaji betri mbili zake, mfululizo. Feni kubwa ipitie kifaa cha kulinda volteji kinachochelewesha kuwaka, kama cha friji, maana stima ikirudi mara nyingi hurudi na kishindo.

Kuhusu SIM800L ambayo wengine huiongeza kwa ajili ya SMS: inavuta hadi ampea 2 kwa mipigo mifupi na inataka volti 3.4 hadi 4.4. Ukiilisha kutoka kwenye bodi itazimika kila ikitafuta mtandao. Ipe njia yake ya umeme na kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na miguu yake.

Nani asinunue

Mwenye kivungulio cha mita 8 kwa 15 na kibarua anayelala hapohapo, STC-1000 moja na feni ndogo zinatosha, pamoja na SHT31 moja ya kusoma usiku ulivyokuwa. Mwenye nusu ekari ya waridi au hoho za rangi za kuuza nje, anunue kidhibiti kamili chenye dhamana na fundi anayefika siku hiyohiyo, kwa sababu hasara ya usiku mmoja inapita bei ya kifaa. Seti hii ni ya aliye katikati, mwenye kivungulio kimoja hadi vitatu, anayeweza kusoma mchoro wa waya au ana kijana nyumbani anayeweza. Akinunua, anunue bodi mbili za ESP32 na vihisi vya ziada viwili siku hiyohiyo, bodi ya pili aiwekee programu ileile na kuihifadhi kavu ndani ya boksi, kwa sababu radi ya Aprili haingoji Luthuli ifunguliwe Jumatatu.